Uzi, washa 30 na kipande cha tairi: pima mwenyewe mchapuko wa kitu kinachozunguka

Wanafunzi wa Kidato cha Nne wakinijia na mada ya mwendo wa mduara, huwa nawauliza swali moja kabla ya kufungua kitabu. Ukizungusha jiwe kwa kamba, ni jiwe linalokuvuta wewe, au ni wewe unayelivuta jiwe? Karibu wote husema jiwe linavuta kwenda nje. Wameshazungusha vitu utotoni, kamba ikawauma vidoleni, na kidole kilichoumwa na kamba ni vigumu kukibishia. Ukiwapa fomula tu wataikariri, wataipita kwenye mtihani, na bado watatoka wakiamini kuna kitu huko nje kinachonyakua jiwe.

Ndiyo maana Jumamosi mchana, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, tunaanza kwa kupima. Hesabu inakuja baadaye. Maabara huihitaji, wala mizani. Haya ndiyo tunayotumia, na ukiyafuata kwa utaratibu utapata majibu unayoweza kuyaamini.

Vitu vya kutafuta

Nunua washa 30 za boliti ya milimita 12, zile bapa, si za springi. Duka lolote la hadiwea mtaani linazo. Ukiwa mjini, pitia Barabara ya Kirinyaga, ambayo mafundi wengi bado huiita Grogan. Mwambie muuzaji atoe zote kwenye boksi moja ili ziwe sawa.

Tafuta uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mita mbili hivi, na ganda la kalamu ya biro iliyokwisha wino. Halafu mwendee fundi wa akala umwombe kipande cha tairi alichokata akakibakisha, kinene, ukubwa wa kiberiti, kisicho na waya ndani. Mpira wa tairi ni mzito kwa umbo lake dogo, kwa hiyo hewa haiusumbui sana ukizunguka. Kipande cha malapa hakifai; ni chepesi mno na kitapepea.

Vingine viko nyumbani: rula ya sentimita 30, penseli, wembe, tepu, klipu ya karatasi na simu yenye saa ya kupima sekunde.

Hatua ya 1: Fanya mpira uwe na uzito wa washa tatu

Kazi nyingine yote inasimama juu ya hatua hii, kwa hiyo usiifanye haraka.

Toboa kwanza tundu katikati ya kipande cha tairi kwa msumari. Ukitoboa baada ya kupima utakuwa umepunguza uzito na kazi yako yote imeharibika. Kisha laza penseli mezani, weka rula juu yake, uisogeze mpaka itulie bila kuegemea upande wowote. Zibandike washa tatu kwa tepu ndogo kwenye alama ya sentimita 25, na mpira kwenye alama ya sentimita 5, kitovu chake kikiwa juu ya alama yenyewe. Upande wa mpira utashuka. Sasa punguza kwa wembe, kidogo kidogo. Tairi hukamata wembe na kuugandisha. Lowesha wembe kwa maji ya sabuni nao utateleza. Kata kuelekea mbali na vidole vyako. Ukifika karibu, acha kukata vipande, anza kukwangua. Unatafuta ile hali ambapo ukigusa rula inayumba, inarudi, inayumba tena, na hakuna upande unaoshinda.

Kwa nini tunajisumbua hivi? Kwa sababu mchapuko, yaani jinsi mwendo wa kitu unavyobadilika kila sekunde, ni kani (nguvu inayovuta) ukigawanya kwa masi (wingi wa kitu kinachovutwa). Washa zitakazoning'inia chini ya uzi ndizo zitakazovuta, na mpira ndio utakaovutwa. Mpira ukiwa sawa na washa tatu, na chini umening'iniza washa 12, basi mchapuko wa mpira ni 12 kwa 3, yaani mara nne ya mchapuko wa kitu kinachoanguka. Huna haja ya kujua washa moja ina gramu ngapi. Iwe sita au saba, inajifuta yenyewe juu na chini.

Mchapuko wa kitu kinachoanguka hapa Nairobi ni karibu mita 9.78 kwa sekunde kwa sekunde. Uandike hivyo kwenye daftari. Kitabu chako huenda kinasema 9.81, na kwenye mtihani wa KCSE utatumia ile namba uliyopewa kwenye swali, mara nyingi 10. Ila sisi tunapima hapa tulipo, na nitaeleza mwishoni tofauti hiyo inatoka wapi.

Hatua ya 2: Unganisha

Pitisha ncha zote mbili za ganda la kalamu karibu na moto wa mshumaa, sekunde moja au mbili tu, mpaka ukingo ulainike. Hatua hii tuliwahi kuiruka. Ukingo wa plastiki ukala uzi taratibu bila mtu kuona, na kwenye zamu ya tatu mpira ukachomoka, ukapita juu ya waya wa nguo na kutua ndani ya beseni la jirani. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo hakuna anayezungusha kabla sijapitisha kidole kwenye ule ukingo.

Pitisha uzi ndani ya ganda. Ncha ya juu funga mpira kwa fundo mbili. Ncha ya chini funga klipu uliyoikunja kama ndoana, utundike washa. Vuta uzi mpaka umbali kutoka mdomo wa juu wa ganda hadi katikati ya mpira uwe sentimita 80 kamili. Sasa, bila kuachia, bandika kijitepu kwenye uzi sentimita moja chini ya mdomo wa chini wa ganda.

Hicho kijitepu ndicho mlinzi wako. Wakati wa kuzungusha kinapaswa kuning'inia palepale chini ya ganda bila kuligusa. Kikipanda kikagusa, ganda limeanza kubeba sehemu ya kazi na hesabu yako si ya kweli. Kikishuka, mduara wako umepungua.

Hatua ya 3: Zungusha na uhesabu

Fanyeni wawili, mahali pa wazi, watazamaji wakiwa mbali hatua kumi hivi. Mwenye miwani na aivae. Anayezungusha ashike ganda juu ya kichwa na kulizungusha kwa kifundo cha mkono tu, mzunguko mdogo kama wa kukoroga uji. Mpira ukienda taratibu mno, washa zinashuka. Ukienda kasi mno, zinapanda. Katikati kuna mwendo mmoja ambao kijitepu hutulia. Ukiupata, uendeleze.

Mwenzako ahesabu mizunguko 20. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: mpira ukipita mbele yake mara ya kwanza huku akibonyeza saa, aseme "sifuri". Akianza na "moja" atakuwa amepima mizunguko 19 na kuiita 20. Nimewaona wanafunzi wazuri wakitupa vipimo vya saa nzima kwa sababu ya neno hilo moja.

Rudieni mara tatu kwa kila idadi ya washa, mchukue wastani. Sisi tunapima washa 6, 12 na 24. Kwa uzi wa sentimita 80, muda wa mizunguko 20 unapaswa kuwa hivi:

- washa 6: sekunde 25.4
- washa 12: sekunde 18.0
- washa 24: sekunde 12.7

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Muda umekatika nusu, maana yake kasi imekuwa mara mbili, lakini washa zimekuwa mara nne. Hapa ndipo darasa langu hunyamaza. Ukitaka kitu kizunguke kwenye mduara uleule kwa kasi mara mbili, ukikivuta mara mbili hakitatosha. Lazima ukivute mara nne.

Utaona kwamba kwa washa 6 uzi haulali sawasawa. Unainama kwa pembe ya kama nyuzi 30 chini ya usawa, kwa sababu lazima pia ubebe uzito wa mpira. Mwanafunzi makini atauliza: basi nusu kipenyo cha mduara si sentimita 80 tena? Kweli, si 80. Lakini kani inayouvuta mpira kuelekea kitovu nayo imepungua, kwa kiasi kilekile hasa, kwa hiyo ukitumia urefu wa uzi wenyewe jibu linatoka sawa. Mimi nililitafuta jambo hili kwa karatasi na kalamu kabla ya kuliamini, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Ni la kufurahisha.

Hatua ya 4: Geuza muda uwe mchapuko

Gawanya muda kwa 20 upate muda wa mzunguko mmoja, tuuite T. Kisha:

mchapuko = 4 × pai × pai × urefu wa uzi ÷ (T × T)

Jumamosi iliyopita, kwa washa 12, sisi tulipata sekunde 18.4. T ni 0.92. Ukizidisha 4 kwa pai kwa pai kwa 0.80 unapata 31.58, gawanya kwa 0.8464 upate 37.3. Washa nazo zinasema jibu ni 12 kwa 3 mara 9.78, yaani 39.1. Tofauti ni chini kidogo ya asilimia 5. Kwa uzi na ganda la biro, hicho ni kipimo cha heshima.

Tofauti hiyo ina sababu. Uzi unasuguana na mdomo wa ganda, na msuguano huo unasaidia kushikilia washa zisishuke, au unazizuia kupanda, kutegemea jinsi ulivyoufikia ule mwendo wa kutulia. Jaribu kuufikia kutoka juu, yaani kwa kuanza haraka na kupunguza, kisha kutoka chini, na uchukue wastani wa njia mbili. Halafu kuna kidole kwenye saa. Kwa kuwa T inazidishwa kwa yenyewe, kosa la asilimia 1 kwenye muda huwa asilimia 2 kwenye mchapuko. Hiyo ndiyo sababu tunahesabu mizunguko 20 na si 5.

Hatua ya 5: Fomula inatoka wapi

Chukua karatasi na penseli. Usiipite hatua hii, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la mwanzo.

Chora mduara, uweke nukta pembeni iwe mpira. Chora mshale kutoka kitovu hadi nukta: huo ni mshale wa mahali, urefu wake ni nusu kipenyo, r. Mpira ukienda mzunguko mmoja, ncha ya mshale huo hutembea mzingo wote, mara mbili ya pai mara r, kwa muda T. Umbali kwa muda ni kasi: v = 2 × pai × r ÷ T. Hilo unalijua tangu shule ya msingi.

Sasa chora mshale wa pili kwenye nukta, ukionyesha mpira unaelekea wapi. Unagusa mduara kwa pembeni, nyuzi 90 kutoka kwa ule wa kwanza. Huo ni mshale wa velositi, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake, na urefu wake ni v. Chora hivyohivyo kwenye nukta nane kuzunguka mduara. Kisha chukua nafasi tupu kwenye karatasi uihamishe mishale yote minane, mikia yake ikianzia mahali pamoja. Umepata nini? Mduara mwingine! Mshale wa velositi nao unazunguka, mzunguko mmoja kwa muda uleule T, na ncha yake inatembea mzingo wa 2 × pai × v.

Mchapuko ni kasi ya kubadilika kwa velositi, yaani mwendo wa ncha ya huo mshale wa pili. Kwa hiyo mchapuko = 2 × pai × v ÷ T. Weka 2 × pai × r ÷ v mahali pa T, unabaki na v mara v, ukigawanya kwa r. Ndiyo fomula ile ya kitabuni, na umeitoa kwa miduara miwili. Ukiweka 2 × pai × r ÷ T mahali pa v, unapata ile ya Hatua ya 4.

Mwelekeo nao? Velositi imetangulia mshale wa mahali kwa robo ya mzunguko. Mchapuko, kwa sababu ileile, umeitangulia velositi kwa robo nyingine. Robo na robo ni nusu. Kwa hiyo mchapuko umegeukiana kabisa na mshale wa mahali: unaelekea kitovuni, kila wakati, popote mpira ulipo. Kasi ya mpira haikuongezeka hata kidogo, lakini mpira una mchapuko, kwa kuwa mwelekeo wake unabadilika bila kupumzika.

Christiaan Huygens, Mholanzi, ndiye aliyechapisha kanuni hii mwaka 1673, akiizungumzia kama kani ya kukimbia kitovu. Isaac Newton aliigeuza. Kwenye kazi yake kubwa ya mwaka 1687 aliiita kani ya kutafuta kitovu, na huo ndio mtazamo tunaoufundisha mpaka leo.

Hatua ya 6: Achia

Ondoa washa, ushike uzi kwa vidole chini ya ganda. Hakikisha kiwanja ni kitupu kila upande. Weka chupa tupu ya plastiki hatua tano mbele yako, uzungushe taratibu, na ujaribu kuiangusha kwa kuachia uzi.

Mwanafunzi anayeamini kwamba mpira unavutwa nje huachia pale mpira unapokuwa mbele yake, ukielekeana na chupa. Mpira huenda pembeni, mbali kabisa. Anayefaulu ni yule anayeachia karibu robo ya mzunguko kabla, mpira ukiwa ubavuni mwake na ukielekea mbele. Uzi ukiachiwa, mpira haukimbii kutoka kitovuni. Unaendelea tu na safari iliyokuwa mbele yake, kwa mstari ulionyooka.

Msichana mmoja aliangusha chupa mara tatu mfululizo, akageuka akaniambia, "Mwalimu, kumbe haukuwa unataka kutoka. Ni mimi niliyekuwa namkatalia kwenda mbele." Sijaipata namna nzuri zaidi ya kulisema. Kidole chako kinaumia kwa sababu unauvuta uzi ndani, nao uzi unakuvuta wewe kwa kiasi hichohicho. Hakuna wa tatu.

Hatua ya 7: Panda matatu

Funga nati kwenye uzi mfupi, uuning'inize kwenye tundu la katikati la protrekta uliyoishika wima dhidi ya kiti cha mbele. Kaa. Matatu ikiingia kwenye raundabauti na kushika mwendo wa namna moja, soma pembe ambayo uzi umeinama. Usisome dereva anapokanyaga breki wala anapoongeza moto. Hapo uzi unasema habari nyingine.

Mchapuko ni 9.78 mara tanjenti ya hiyo pembe. Tuseme umesoma nyuzi 13. Tanjenti yake ni 0.231, mchapuko ni karibu 2.3. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, upime kutoka katikati ya raundabauti hadi njia mliyopita. Ikiwa ni mita 30, kasi yenu ilikuwa kipeuo cha pili cha 2.3 mara 30, kama mita 8.3 kwa sekunde, yaani kilomita 30 kwa saa. Umepima mwendo wa matatu bila kuiona spidomita.

Sisi huendesha upande wa kushoto na kuzunguka raundabauti kama mishale ya saa. Kitovu kiko kulia, mchapuko uko kulia, na miili ya abiria inabaki nyuma upande wa kushoto. Upande huo ndiko uliko mlango. Mtazame makanga anayening'inia pale. Mkono wake ndio uzi wetu. Akiwa na kilo 70, kwa kilomita 30 kwa saa mkono unamvuta kuelekea ndani kwa kani ya nyutoni 161, kama anayebeba debe la maji lililopungukiwa kidogo. Dereva akiingia kwa 45, kasi imeongezeka mara moja na nusu, lakini kani inakuwa mara 2.25: nyutoni zaidi ya 360, sawa na kubeba kilo 37 kwa mkono mmoja, ghafla, huku vidole vikiwa na jasho. Mimi sipendi kuona kijana wa mtu akining'inia hivyo, na tangu nilipofanya hesabu hii siwezi kutazama bila kuihesabu tena.

Gari lenyewe linavutwa na nini kuelekea kitovu? Na lami, kupitia msuguano wa tairi. Tukichukua msuguano wa 0.7 ya uzito wa gari kwa lami kavu, mwisho wa kasi kwenye mduara wa mita 30 ni karibu kilomita 52 kwa saa. Mvua ikinyesha na msuguano ukashuka hadi 0.4, mwisho ni 39. Masi ya gari inajifuta kwenye hesabu hii, kama washa zilivyojifuta kwenye ile yetu, kwa hiyo dereva asijidanganye kwamba gari lililojaa "linashika barabara" vizuri zaidi kwenye kona. Lililojaa abiria waliosimama na mizigo juu ya paa lina hatari yake nyingine, ya kupinduka kabla hata halijateleza.

Mwendesha boda boda analijua hili mwilini. Akikata kona analaza pikipiki ndani, na pembe anayolala ni ileile ya uzi wako: kwa kilomita 30 na mita 30, nyuzi 13.

Kama simu yako ina kihisi cha mzunguko, kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ina zoezi la mchapuko wa kuelekea kitovu. Kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, nyoosha mkono na simu, mwenzako akusukume. Grafu inajichora yenyewe. Ni nzuri, lakini usiifanye badala ya washa. Simu inakupa namba, uzi unakupa namba na kidole kinachouma.

Hatua ya 8: Tumia fomula ileile juu angani

Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu na huzunguka dunia kwa siku 27.3. Geuza kilomita ziwe mita na siku ziwe sekunde, uweke kwenye fomula ya Hatua ya 4, ileile uliyotumia kwa kipande cha tairi. Utapata mchapuko wa 0.0027. Sasa gawanya 9.8 kwa namba hiyo. Ni karibu 3,600, yaani 60 mara 60. Na Mwezi uko mbali nasi kama mara 60 ya nusu kipenyo cha dunia. Kwa hesabu hii Newton alionyesha kwamba kinachouvuta Mwezi ni kilekile kinachoangusha embe, kikipungua kwa mraba wa umbali.

Halafu jipime wewe. Nairobi iko karibu nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tunazunguka karibu mduara mkubwa kuliko yote ya dunia: nusu kipenyo kilomita 6,378, mzunguko mmoja kila saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kasi yetu tukiwa tumeketi ni karibu mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki. Roketi hupenda zawadi hiyo, na ni sababu moja ya Waitaliano kuweka jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru.

Mchapuko wetu kuelekea kitovu cha dunia kwa mzunguko huo ni 0.034 tu. Sehemu hiyo ya mvuto inatumika kutugeuza, haifiki kwenye mizani. Kwa mtu wa kilo 70 inakuwa kama nyutoni 2.4, sawa na robo kilo ya sukari kutoka dukani. Ongeza na kwamba dunia imefura kidogo ikwetani, na kwamba jiji letu liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, utaona kwa nini kwenye Hatua ya 1 nilikwambia uandike 9.78.